Jiwe la Saleha

Ilianza kwa harufu. Adhuhuri moja, mwaka ule tuliohamishiwa kijiji kipya huku Kirongwe, nyumba ya Mwamvita ilinuka liwa mbichi, ule mti wa manukato tunaousaga kupaka usoni, na hakuna aliyekuwa akisaga.

"Umesaga, mama?" Hasina aliuliza. Alikuwa mwali ndani, harusi yake Ijumaa.

"Sijasaga. Sema polepole, watu wana masikio."

Jiwe la kusagia lilikuwa pembeni, limelowa. Lilikuwa la Saleha, shoga yake Mwamvita, mchumba wa Marijani enzi za Mwingereza. Saleha alikuwa na madoa mashavuni, akaomba asagiwe liwa ya kuyatoa kabla ya nikaha. Mwamvita akamsagia, akatia na maji ya betri ya lori. Na ngozi zetu mnazijua: ukiziunguza haziwi nyeupe, hurudi nyeusi kuliko mwanzo. Marijani akageuza shingo, akamwoa Mwamvita aliyesaga. Saleha akafa kwa simanzi. Tukasema jiwe litupwe baharini, Mwamvita akalificha. Zuri lile, linateleza kama shavu.

Basi Hasina alilala kidogo, akaamka uso umepakwa liwa. Walipomwosha, mabaka meusi mashavuni.

Akaitwa Shamte, fundi wa kupunga pepo, na chetezo chake. Tukajaa mlangoni, mimi mbele. Moshi wa ubani haujapanda, Hasina akafumbua kinywa, ikatoka sauti ya Saleha, ileile ya puani.

"Shoga, hujambo?"

"Simjui huyu," Mwamvita akanong'ona.

Baka likapanda kwenye paji la uso, na jiwe likaanza kukwaruza peke yake, kwaru, kwaru, taratibu kama mtu asiye na haraka kwa kuwa amekwisha kungoja miaka ishirini, na harufu ya liwa ikachanganyika na ile ya betri hadi macho yakatutoka machozi.

"Anataka uso," Shamte akasema. "Wa mwanao au wako, mama. Chagua."

Mwamvita akasema mbele yetu sote, "Nilimsagia mimi." Akachota liwa jiweni kwa vidole, akajipaka usoni.

Ijumaa Hasina aliolewa, uso umetakata; mabaka yalikuwa yamehamia kwa mama yake. Marijani akageuza shingo tena, ndiyo kazi yake.

Jiwe likatupwa baharini. Kesho yake lilikuwa pembeni, lina chumvi. Mpaka leo, kila adhuhuri, utalisikia likikwaruza kwa Mwamvita. Hasagi yeye. Tumechungulia, mikono yake iko mapajani. Yeye huinua uso tu, apakwe.