Nyumba Isiyofuka Moshi

Kisa kilianza kwa harufu ya majivu yaliyolowa, ndani ya jumba la picha ambamo hata kuwasha kibiriti ni marufuku. Mwelezaji wa picha aliinusa, akakunja pua, akaendelea na shughuli zake. Hakuwa mwanamke wa kubabaishwa na harufu.

Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya kubandikwa kando ya kila picha, na utaratibu wa pale ulimtaka ayasome kwanza kwa sauti mbele ya picha yenyewe, asikie kama yamekaa sawa. Siku hiyo ilikuwa picha ya kijiji cha majira ya baridi. Shule zilikuwa zimefungwa, hivyo binti yake wa miaka sita alikuwa sakafuni akichora.

"Theluji imefunika mapaa yote, tajiri na maskini wakaonekana sawa," alisoma. "Lakini moshi unawaumbua. Jumba kubwa linafuka kutoka mabomba matatu ya moshi, vibanda vinafuka kidogo. Nyumba ya pembeni haifuki kabisa, wala hakuna nyayo zinazoelekea mlangoni. Aliye ndani ametengwa na wenzake."

Hapo huruma ikamponza. "Masikini wee," akaiambia picha. "Mimi ningekufungulia."

Fundi wa fremu, mzee aliyezeekea humo, aliangusha nyundo. "Dada, picha inaelezwa, haisemeshwi! Unajua walimfungia nani humo?"

"Mzee nawe kwa vitisho! Rangi na kitambaa tu hicho."

Kitasa kikalia, ka. Jumba zima halikuwa na mlango uliofunguliwa wakati ule. Mtoto akaacha kuchora.

Tangu mchana huo hakutamka neno. Hakula, hakulia, na mwili wake ukawa baridi hata akiwa juani. Mama alimfunika mablanketi manne, akamkumbatia, akamwimbia, na kila alipofumbua macho alimkuta anamtazama bila kupepesa, pumzi yake ikitoka nyeupe ndani ya chumba ambamo watu wengine walikuwa wanatokwa jasho, na ile harufu ya majivu ikizidi kupanda kutoka kwenye nywele alizomsuka kwa mikono yake mwenyewe. Alimwogopa mwanawe, na kumwogopa kulimuumiza kuliko kitu chochote.

Siku ya tatu alimwita shangazi yake, mganga wa kupunga majini. Shangazi alimgusa mtoto, akaurudisha mkono upesi.

"Jini limemkalia," alinong'ona. "Neno lako ndilo lililolifungulia. Mpeleke palepale, ulitengue, mlango ufungwe. Litarudi kwao."

Asubuhi iliyofuata mama akasimama mbele ya picha, amempakata mtoto. Fundi wa fremu alisogeza miwani, akainama.

"Dada, hebu ngoja," akasema polepole. "Nyayo hizi hazikuwepo. Ni za mtoto. Na zinaingia ndani."

"Mzee, niache! Mwanangu anakufa!" Akaikazia macho ile nyumba, akasema kwa nguvu zote alizobakiwa nazo: "Natengua neno langu. Mlango huu ufungwe, na aliyemo asitoke kamwe."

Kitasa kikalia, na papo hapo mwili aliokuwa ameupakata ukaingia joto, mashavu yakarudi rangi, mikono miwili ikamzunguka shingoni, naye akacheka na kulia kwa pamoja, akimbusu, akimshukuru Mungu, akiita, "Umepona mwanangu, umepona," mpaka aliposikia, kutoka kwenye picha, mtu akigonga mbao kwa vidole vidogo.

"Mama? Nilikuwa karibu kutoka. Mbona umefunga?"

Fundi wa fremu alirudi nyuma hadi ukutani. Mama alivuta pumzi alitamke tena lile neno la kufungua, lakini kiganja kidogo chenye joto kilikuwa kimeshamziba mdomo.