Mpangaji wa Juu

Jumamosi ile soko la mtaa wa Kenya, Lubumbashi, lilikuwa limefurika watu, na Keren alikuwa amependeza kuliko siku zote za mwaka. Blauzi na liputa ya kitenge cha kijani iliyofungwa kiunoni, viatu vya njano, nywele zilizosukwa jana yake. Alikuwa anakwenda kwenye mahari ya binamu yake. Hakuwahi kuukwepa mkokoteni. Ulimpita kwa kasi, ukagonga jiwe, dumu la mawese likapasuka, na liputa ikawa nyekundu kuanzia kiunoni hadi vifundoni.

Mwenye mzigo akaja mbio, kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono.

“Mama, pardon! Pardon sana!”

“Mama ya nani? Nilikuzala lini?”

“Basi, dada…”

“Dada ya nani tena? Bantu bananingojea ku mahari. Nitaingia sawa nani, sawa muuzaji ya mawese?”

Kijana akataka kuomba radhi tena, lakini cheko likamponyoka. “Hata ukiingia vile, bataacha bibi-arusi, bataangalia weye.”

Keren alikuwa na tusi tayari mdomoni. Akalimeza, akashangaa mwenyewe.

Kijana huyo aliitwa Mbusa, mtu wa Butembo, mfanyabiashara wa maharagwe na mawese kwa jumla. Alimpeleka duka la jirani, akamwambia achague kitenge anachokitaka, kisha akasimama nje, mgongo kwa mlango, mpaka alipomaliza kubadili. Keren alifika kwenye mahari amechelewa, na namba mpya ndani ya simu.

Jioni simu ikaita.

“Unafanyaka kazi gani, chérie?”

“Chérie ya nani? Naendesha benne, lori ya mawe, ku mugodi, upande ya Ruashi.”

“Benne? Ile yenye gurudumu yake inashinda muntu urefu?”

“Ndiyo, njo ile. Usinichezee, nitakupita yulu.”

Mbusa alicheka mpaka akakohoa. Hakujua kwamba hapo Keren hakuwa anatania sana. Baba yake, Mkatoliki wa Kongolo, alikuwa dereva wa treni, na tangu utotoni alimfundisha bintiye kwamba mashine kubwa haitaki mtu mwenye usingizi.

Mapenzi yao yalikolea upesi. Chumba na sebule juu ya chumba cha Keren zilipobaki wazi, yeye mwenyewe ndiye aliyemwendea Mama Victorine, mwenye jumba. Mama Victorine hakutaka kusikia habari za familia. Wapangaji waliotangulia walimwachia kuta zilizochorwa makaa na choo kilichoziba.

“Iko peke yake, mama,” Keren alimhakikishia. “Hana hata kuku. Miye nasimama garant.”

“Ikiharibika, nitakushika weye. Na mutatoka bote mbili.”

Mbusa akahamia. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Kila mmoja kitandani kwake, dari tu katikati, wakipigiana simu.

“Umelala, mupenzi?”

“Nalala namna gani na unanipigia?”

Kisha, kiangazi kilipoanza, raha ikaingia mchanga.

Usiku mmoja, mtaa mzima umelala, Keren alizinduliwa na kitu kizito kikiburutwa juu ya kichwa chake. Krrrr, mpaka upande wa mlango. Kisha miguu mingi, mbio. Kisha kimya. Alipoanza tu kusinzia, kikaburutwa tena. Akachukua simu.

“Mbusa, unahamisha nyumba?”

“Hapana, chérie. Pardon. Njo televizio.”

“Televizio inaburuta vitanda?”

“Lala, mupenzi. Nazima sasa.”

Hakuzima kitu. Usiku uliofuata ikawa hivyo hivyo, na uliofuata. Keren aligonga dari kwa mpini wa ufagio. Alipanda ngazi na kitenge begani, akagonga mlango. Mbusa alitoka nusu, akaufunga mlango nyuma ya mgongo wake, akambembeleza kwa sauti ya chini kama mtu anayeficha mgonjwa. Hakumkaribisha ndani. Yeye, aliyekuwa akiingia humo bila kubisha!

Ndipo aliposikia sauti ya mwanamke. Ilikuwa inaimba polepole, kwa lugha asiyoijua, mahali pale pale ambapo kitanda cha Mbusa kilikuwa.

Keren alikaa macho mpaka mapambazuko. Asubuhi alimsubiri kwenye ngazi.

“Nani iko kwako?”

“Keren, nitakuambia. Siyo leo.”

“Bibi yako amekuya kutoka Butembo. Sema tu. Sema!”

“Siko na bibi. Niamini.”

“Nikuamini na masikio gani? Haya yenye hayalale?”

Mbusa aliangalia chini, akashuka ngazi, akaenda sokoni. Tangu siku ile hawakusalimiana tena. Wakikutana mlangoni, Keren alitema mate pembeni. Na usiku kelele ziliendelea.

Wiki ile ile, mchana wa jua kali, Keren akiteremka na benne iliyojaa mawe ya shaba, macho yakajifumba. Kitambo tu. Benne ikapanda tuta la pembeni, ikasimama imeinama, gurudumu la mbele likining’inia juu ya shimo. Wenzake walimtoa kwa ngazi. Mkuu wa zamu hakumgombeza. Alimnyang’anya tu kadi ya udereva, akamwambia arudi nyumbani mpaka aitwe, kama ataitwa.

Alirudi na hofu, na kabla ya giza kutanda hofu ilikuwa imegeuka hasira. Alimwita Mama Victorine. Alimwita na Paulin, fundi wa viatu wa ghorofa ya chini, ambaye naye alikuwa na malalamiko yake. Wakangoja. Krrrr ilipoanza, wakapanda wote.

“Mbusa! Fungula!” Mama Victorine alipiga mlango kwa kiganja. “Ni nyumba yangu hii!”

“Mama, kesho asubuhi. Nakuomba.”

“Fungula sasa!”

“Kesho, mama. Tafazali.”

Keren hakungoja kesho. Disjontere, swichi kuu za umeme za jumba, zote zilikuwa ukutani pale kwenye ngazi. Alijua ipi ni ya nani. Akaishusha ya Mbusa, tak, na mstari wa mwanga chini ya mlango ukakatika.

Mayowe yaliyotoka humo ndani hayakuwa ya mtu mzima. Yalikuwa ya watoto, na hayakuwa ya kulilia taa. Kitu kiligonga mlango kwa ndani, kikagonga tena, huku Mbusa anaita, “Dorcelle! Achilia meza! Ni miye, achilia!” Mwishowe mlango ukafunguka, na tochi ya Paulin ikamulika.

Mtoto wa kike, mwembamba, alikuwa ameikumbatia meza aliyoisukuma mlangoni. Nyuma yake, vitanda viwili vimeegemezwa ukutani. Pembeni mwanamke amekaa sakafuni, mtoto mdogo ameuficha uso kifuani mwake, na anaimba. Alikuwa anaimba wimbo ule ule, macho yameelekea mlangoni.

“Huyu njo dada yangu, Domitille,” Mbusa alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. “Vita iliingia Goma, bwana yake akauawa. Balipita Uvira, bakapanda boti mpaka Kalemie. Kila akisikia pikipiki inapita ku njia, Dorcelle anaziba mulango na kila kintu yenye iko mu nyumba. Sasa mumeona. Washa courant.”

Ni Paulin aliyewasha.

“Juu ya nini hukuniambia?” alinong’ona.

“Nikuambie weye? Siku ile tulikula kwako, ulisema nini juu ya bale bakimbizi ba kiwanja ya nyuma? ‘Banajaa mu nyumba sawa panya, bajirudilie kwabo.’ Domitille alikuwa mu boti siku ile ile. Nilimeza bugali, nikanyamaza.”

Keren alikumbuka. Alikuwa amesema hivyo akimwongezea mboga.

“Na miye karibu nikufe ku mugodi juu ya uongo yako!”

“Ungeniuliza sawa muntu, si kuleta kundi ku mulango!”

“Nilikuuliza! Ulishuka ngazi!”

“Nyamazeni bote,” Mama Victorine alikata. Alimtazama mtoto, akaonekana kulegea kidogo, kisha akajikaza. “Nilisema muntu moja. Mutafute kwengine.”

Neno moja tu la Keren, yeye aliyesimama dhamana, lingeweza kusukuma siku mbele. Hakulisema. Mbusa alimngoja aliseme. Alipoona halitoki, akafunga mlango taratibu.

Mama Victorine alimwacha Keren abaki. Mbusa na dada yake walihama na pikapu ya kukodi, wakaenda Annexe, pembezoni mwa mji. Na usiku ule Keren alilala vizuri. Alilala usingizi mzito, bila ndoto, mpaka jua likamkuta kitandani, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Mgodi ulimwita tena. Akapimwa, akarudishiwa kadi, akaendesha. Mara nyingi alifungua namba ya Mbusa, akaitazama, akafunga. Siku moja ya mapumziko alipanda pikipiki, akaulizia mpaka akaipata nyumba: matofali bila plasta, mabati mapya, mashamba ya mahindi yaliyokauka pande zote.

Domitille alikuwa anasonga bugali uani. Alimtambua. “Njo weye wa chini?”

“Njo miye, mama.”

“Mbusa haiko.”

“Sikukuya juu ya Mbusa. Nilikuya kuona batoto.”

Dorcelle alikuwa amejificha nyuma ya mlango. Keren akapiga magoti vumbini, na liputa yake safi.

“Dorcelle, njo miye nilizima taa. Nilifanya mubaya. Unisamehe.”

Mtoto alifikiri. “Utazima tena?”

“Hapana.”

“Hata ukitaka. Huku courant haiko.”

Keren alicheka, na cheko likageuka machozi. Alipoinua uso, Mbusa alikuwa amesimama kwenye njia, mfuko wa maharagwe begani. Hakusogea.

“Nilikudanganya,” alisema.

“Ulinidanganya. Na miye nilinyamaza pa kusema. Siwezi kusema tuko sawa, juu batoto habakufanya kintu.”

“Nilikasirika sana na weye, Keren. Kila siku. Nimechoka.” Akashusha mfuko. “Nataka kukuoa. Lakini ukinikubali miye, unakubali nyumba muzima. Na kelele yake.”

Keren alijizuia asijibu haraka. “Muulize kwanza dada yako. Akikatala, narudi na pikipiki ile ile.”

Mbusa akamgeukia Domitille. Mwiko ulikuwa bado unazunguka kwenye sufuria.

“Miye sijamusamehe,” Domitille alisema bila kuinua kichwa.

“Najua, mama,” Keren alijibu.

Domitille akapakua bugali, akaongeza mboga ya lengalenga na kipande cha samaki, akaisukuma sahani mpaka kwenye magoti ya Keren.

“Kula. Muke ya ndugu yangu hawezi kurudi na njaa.”