Kodi ya Jina

Ndugu zangu wa Gongoni, na ninyi mlio mbali mnaokula chumvi ya kwetu, nipeni masikio niwaambie yaliyowapata Mzee Jefwa Nyale na mkewe Kavumbi. Msitafute mwizi katika kisa hiki, hamtampata. Angekuwapo tungemkamata, na mimi nisingekuwa na la kuwasumbulia.

Asubuhi moja Jefwa alikuwa amekaa kizingitini, miguu kainyoosha juani. Ilikuwa na mabaka ya vidonda vya zamani, maana alikokota chumvi kwenye madimbwi ya kampuni kwa miaka ishirini na sita. Kavumbi alikuwa akimenya mihogo, na kama kawaida yao walikuwa wakikumbushana enzi zile.

Enzi zile Kavumbi aliuza mihogo ya kuchemsha langoni mwa kampuni. Wafanyakazi walipomuuliza mbona mihogo yake mitamu hivyo, aliwajibu kwa Kigiriama, "Ni munyu wehu," yaani ni chumvi yetu. Watu wa bara walivunjika mbavu, kwa sababu wao walisikia wehu wa wazimu. Ikawa kila mchana ni, "Mama, nipe mihogo ya wehu." Meneja wa wakati huo alilipenda neno hata akalipiga chapa kwenye magunia: Munyu Wehu. Likafika Nairobi, likafika Kampala.

Na zahanati nayo ilikuwa zahanati. Kijiji kilipotoa ardhi ya madimbwi, kilikubaliana na kampuni kwamba sehemu ya faida ya kila mwaka iende huko. Sista Purity, muuguzi wetu, alimjua kila mgonjwa kwa jina la babu yake, na rafu zilijaa dawa. Nikizikumbuka siku hizo moyo huniuma, siwafichi.

"Mimi niliyeipa chumvi jina ndiye niliyekatazwa kuila," Kavumbi alisema, maana presha ilikuwa imemwandama. Jefwa akacheka.

Walikuwa bado wanacheka binti yao Everlyne alipoingia kutoka zahanati, mikono mitupu. Aliwaamkia kwa shikamoo, kisha akabaki amesimama.

"Dawa za presha hakuna, baba. Mwezi wa tatu huu."

"Si unazo ulizonunua dukani, Mama Everlyne?"

Kavumbi aliendelea kumenya. "Nazimeza leo, naziruka kesho na keshokutwa. Ziko ghali. Sikutaka uhangaike."

Jefwa aliinuka. Alivaa shati lake la kwendea kanisani, akapanda bodaboda hadi kampuni. Mhasibu, Ndirangu, kijana wa Nyeri mwenye adabu zake, alimpa kiti na chai.

"Mwaka jana mlituambia barazani kwamba mnalipa kodi kubwa," Jefwa alianza. "Mimi ndiye niliyeanza kupiga makofi. Sasa mgao wa zahanati uko wapi?"

"Mzee, mgao hutoka kwenye faida. Kodi ya serikali pia hutozwa kwenye faida. Kampuni hii haijapata faida miaka saba sasa."

"Na malori yanayotoka hapa kila siku?"

"Yanatoka, ndiyo. Lakini jina la Munyu Wehu si letu. Ni la kampuni nyingine iliyosajiliwa kisiwani, ng'ambo. Sisi tunalikodi. Tukishalipa kodi, hakibaki kitu."

"Kodi ya serikali?"

"Kodi ya jina, mzee. Kama mpangaji na nyumba."

Jefwa aliweka kikombe chini. Ndipo alipojua alichokipigia makofi.

"Huko kisiwani wanatozwa nini?"

"Hawatozwi."

"Na wenyewe ni kina nani?"

"Wenye kampuni hii."

"Basi wanajilipa wenyewe."

"Kisheria ni kampuni mbili," Ndirangu alisema, macho mezani. "Wakaguzi wamepita, kila karatasi iko sawa." Simlaumu sana kijana huyu. Ana watoto shuleni, na sheria hakuitunga yeye.

"Jina lile ni la mke wangu," Jefwa alisema.

Ndirangu alifungua kabati, akatoa karatasi ya kale ya kulikabidhi jina hilo. Chini yake palikuwa na saini: Jefwa Nyale, kwa niaba ya mkewe.

Yakamrudia yote. Siku wenye kampuni wapya walipokuja kulikuwa na pilau na ngoma. Walimwita kando, wakamwambia atie saini kwamba mkewe amefurahia jina lake kutumiwa. Hakusoma. Alipewa baiskeli mpya, akaiendesha hadi nyumbani akipiga kengele njia nzima, akamwambia Kavumbi ni zawadi ya kazi nzuri.

Aliporudi alikuta majirani wamejaa uani. Kavumbi alikuwa ameanguka, mdomo umekwenda upande. Walimpakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na Everlyne, hadi hospitali ya Malindi. Hakufa. Lakini upande wa kulia umelala, na maneno yameondoka.

Siku hizi Jefwa huketi kando ya kitanda chake alasiri, akimsimulia ya zamani. Siku moja alijikaza akamweleza habari za ile karatasi na ile baiskeli. Kavumbi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaelekeza uso ukutani. Zamani angemfokea mpaka majirani wasikie, halafu jioni wangecheka pamoja. Jefwa angetoa chochote alicho nacho afokewe hata mara moja tu.

Funzo la kisa hiki

Wenzangu, kampuni inaweza kufuata sheria neno kwa neno na bado ikaacha rafu za zahanati tupu. Kwa hiyo mkiambiwa barazani kwamba kodi inalipwa, msipige makofi kwanza. Ulizeni ni kodi gani, na inalipwa kwa nani. Msitie saini msichokisoma, hata mkiwa mmeshiba pilau ya mtu, na kitu cha mwenzako usikitolee idhini bila yeye kujua. Sheria zinazoruhusu mambo haya zimetungwa na watu tunaowapigia kura, na wanaweza kuzibadilisha tukiwabana. Tuwabane mapema. Kavumbi alikuwa na mengi ya kuwaambia, na sasa hawezi.