Kichwa Kisichochunwa

Jumatatu tarehe 14 Oktoba 2024, siku ya mapumziko, wakubwa wamejilalia majumbani mwao Dodoma, kichwa cha ng'ombe kiliopolewa kwenye kisima cha mchangani cha Chibweto, huku Chemba. Matonya alikuwa amekwisha kumzika mkewe, Angelina. Binti yao Hana alikuwa zahanati, anatapika damu. Kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoua hata watu, alisema mganga wa zahanati. Dawa na boza la maji salama vilisubiri serikali itangaze maafa; bila tamko, fedha haitoki.

Sikio la ng'ombe lilikuwa na mkato wa Luka, alama ya mifugo ya jirani yao huyo. Vijana wa kijiji walishamfunga Luka kamba.

"Shikamoo, mzee Matonya," alisema Sajenti Evodia. "Hilo rungu weka chini kwanza."

"Marahaba. Nikiliweka, serikali italiokota?"

Evodia akamgeukia Luka. "Ng'ombe huyu alikufa lini?"

"Mwezi uliopita. Bwana Mifugo alimfukia ndani ya uzio wake, akamwagia chokaa. Akanikataza kumchuna. Niliililia ngozi kuliko ng'ombe."

"Ufunguo wa uzio?"

"Anao mwenyewe."

Matonya akakitazama kichwa upya. Ngozi nzima. Weupe wa chokaa ndani ya masikio. Rungu likashuka lenyewe.

"Mfungueni. Luka akiokota panya mfu atamchuna. Hapa kwetu nani anatupa ngozi?"

Brighton, Bwana Mifugo, hakukimbia. Walimkuta kibarazani kwake.

"Kila mwaka naomba chanjo," alisema. "Wananijibu fedha ya maafa haitoki bila tamko, na tamko halitoki bila maafa."

"Ukaamua kuyaleta," alisema Evodia.

"Nilitaka wafe mbuzi wachache tu, afande. Kile si kisima cha mifugo?"

"Ni cha mifugo mchana," alisema Matonya. "Kiangazi wanawake wanachota hapohapo alfajiri, kabla mifugo haijashuka. Umekula ugali wa Angelina, Brighton. Maji ulidhani anatoa wapi?"

Brighton akanyoosha mikono, pingu zikaingia.

Evodia akasogea pembeni kupiga simu wilayani. Aliporudi hakumtazama mtu.

"Tamko waliliandaa kwa ajili ya ugonjwa uliozuka wenyewe. Sasa kuna mtu kaueneza kwa makusudi. Wanasema hiyo sheria nyingine. Faili linaanza upya. Boza lilikwishatoka Kondoa kusubiri tamko njiani, limegeuzwa."

"Kwa hiyo tungenyamaza, lingefika," alisema Matonya.

Evodia akakaza kamba ya buti ambayo haikuwa imelegea.

Matonya akainua dumu lake, jepesi. "Wewe umesoma, mwanangu. Leo Hana anywe nini?"