Mpira wa Bure Mwanjelwa

Kama bado hujala, kula kwanza. Niliwahi kumsimulia mtu mwenye sahani mkononi, na mpaka leo ananilaani.

Jambo lenyewe lilianza kwa kipaza sauti kunuka. Mwaka ule wa sabini na nne, Isakwisa, fundi redio wa Mwanjelwa, alifunga spika kubwa juu ya paa la kibanda chake, akavuta waya hadi uwanjani, akasema kila Jumapili saa kumi jioni atatangaza mechi mwenyewe, watu wasikie mpira bure. Mpira mtupu, hakuna hotuba wala bei ya mahindi. Mkewe Severina, mzaliwa wa Kihesa kule Iringa, ndiye aliyekuwa akikifuta kipaza sauti. Jumapili ya kwanza alikuta kinanuka samaki wa juzi. Akakifuta kwa mafuta ya taa. Kikanuka samaki wa juzi na mafuta ya taa.

"Baba Evarista, umekula nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijala kitu." Akageuza uso.

Mwongo huyo! Siku ya majaribio, kabla ya Jumapili hiyo, sauti yake ilitoka nyembamba, watu wakamcheka mpaka akajificha kibandani. Wazee wa kamati ya ufundi ya timu, wale wanaofukia vitu golini halafu wanakaa kiti cha mbele kanisani, wakampeleka kwa mganga wao. Akapewa donge la utelezi lililotolewa kinywani mwa chura. "Meza, usitafune," wakamwambia. Naye akameza! Mtu mzima, ana mke, ana mtoto, anameza makohozi ya chura ili asifiwe sokoni. Ptuu!

Na kweli alisifiwa. Sauti ilitoka nene, tamu, ikimtaja mchezaji kabla hajagusa mpira. Jumapili ya pili watu mia tatu walisongamana chini ya spika, na spika ikaanza kudondosha ute wa njano, mzito, wenye mapovu, ukitua kwenye kofia, mabegani, kwenye vikombe vya togwa. Unadhani waliondoka? Thubutu! Walijifuta kwa viganja wakaendelea kushangilia. Mtu akipewa cha bure, hata akitemewa mate atasema ni manyunyu. Mimi nilikwenda kutapika nyuma ya duka la chumvi.

Nyumbani, Isakwisa hakuweza tena kumeza. Ugali ulifika kooni ukarudi, uji ukarudi, hata maji. Mtoto wao Evarista walimpeleka Iringa kwa bibi yake, maana alikuwa hapati usingizi kwa ile harufu. Siku ya tisa mbavu za Isakwisa zilihesabika. Severina akamvuta mlangoni penye jua la mchana.

"Fungua mdomo."

"Usiangalie, mama Evarista. Nakuomba."

"Unakufa kwa njaa mbele ya macho yangu! Fungua!"

Akafungua, na Severina akainama na kuona, pale ulimi unapoishia, kitu kimeketi, cha rangi ya pafu lililooza, kina midomo yake chenyewe na vijino vidogo vyeusi, kinapumua taratibu huku nzi wakiingia na kutoka kwa raha zao, na alipozuia pumzi asogee zaidi, kile kitu kikageuka, kikamtazama bila macho, kikalamba midomo yake na kusema kwa sauti ile tamu ya Jumapili, "Gooooli!"

Severina alikimbilia kwa Ngolo, mama wa Kisukuma aliyekuwa akileta samli kutoka Usangu na kutibu watu waliopandwa na majini. Ngolo alimsikiliza mpaka mwisho, akatema mate chini.

"Hilo ni jini la kukodi," alinong'ona. "Wachezaji wakishafanyiwa dawa, mechi ikiisha wanaogeshwa mtoni ili lirudi kwa mwenyewe. Mumeo aliogeshwa na nani?"

Nani angemkumbuka mtangazaji?

Jumapili asubuhi walikwenda kijitoni. Severina alimshika mumewe kichwa, Ngolo akamnywesha samli ya moto kibuyu kizima. Isakwisa akakakamaa, akatapika samli, akatapika ute, akatapika nzi, kisha kile kitu chenyewe kikatoka kikivutika kama kondo la ng'ombe, kikapasukia mikononi mwa Severina na kumrukia usoni. Ngolo akamsukuma Isakwisa majini, akamsugua mara saba. Alipomaliza alipanda lori la kurudi Usangu.

Saa kumi jioni Isakwisa alikuwa ameketi barazani na bakuli la tatu la uji. Aliumeza wote. Machozi yalimtoka kwa furaha, ingawa sauti ilikuwa imebaki mnong'ono tu.

"Mke wangu, umeniokoa. Njoo, onja na wewe."

Severina alitikisa kichwa. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na ute wa njano ulikuwa unapenya kati ya vidole. Kisha, midomo ikiwa imefungwa vilevile, sauti nene na tamu ikatoka kooni mwake, ikiwakaribisha wasikilizaji.

Isakwisa aliruka, akaita watu wamsaidie. Mnong'ono wake haukufika hata uani. Lakini watu walikuja wenyewe wakiifuata ile sauti, wale waliokuwa wakisubiri chini ya spika, wakajaa baraza na ua, nyuso zikimwelekea Severina aliyekuwa akilia huku akitangaza. Mmoja aliketi miguuni pake, akajifuta shavu lililodondokewa.

"Ongeza sauti, mama," alisema. "Wa nyuma hawasikii."