Picha ya Joto ya Chunok

Chunok hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Umri wake ulishapita miaka sitini, lakini alipanda ngazi kwenye miti ya mapeasi mpaka juu kabisa. Nyoka akionekana shambani, vijana walikimbia, yeye alitafuta jembe. Kitu kimoja tu kilimshinda: mashine ya eksirei ya matiti.

Aliwahi kupimwa mara moja, zamani. Hakusahau.

“Walinikamua kama kabeji ya achari ya kimchi!” alisema kila alipoulizwa.

Tangu siku hiyo, zamu yake ya kupimwa ilipofika, alikuwa na udhuru. Mara mavuno, mara magoti, mara mvua.

Chunok aliishi katika ghorofa mjini Naju pamoja na mwanawe Wontae, mke wa mwanawe aliyeitwa Dasom, na mjukuu wake mdogo, Garam. Wakwe wengine mjini hapo hawapikiki chungu kimoja. Chunok na Dasom walipendana. Walimenya vitunguu saumu pamoja, walitaniana, na Jumapili walikwenda hamamu ya mtaa, bafu la umma la maji moto, kusuguana migongo.

Mwaka huu Dasom alitimiza miaka arobaini, umri ambao wanawake huanza kuitwa kwenye kipimo cha matiti, kila baada ya miaka miwili. Zamu yake ikaangukia mwaka mmoja na ya mama mkwe wake.

“Mama, twende wote,” alisema Dasom jikoni. “Mimi ni mara yangu ya kwanza. Naogopa kidogo.”

“Nenda wewe, Mama Garam. Mimi nimeshapata njia yangu.”

“Njia gani?”

“Daktari Pyo ana kamera mpya. Inapiga picha ya joto la mwili. Haibani, haigusi, wala haina mionzi. Unasimama, inakupiga, unakwenda zako kula.”

Daktari Pyo alikuwa daktari wa tiba za asili, mwanamke mpole mwenye miwani mikubwa. Ndiye aliyemchoma Chunok sindano za magoti kila baridi ilipoanza. Dasom hakuridhika, lakini alikubali kumsindikiza.

Asubuhi ya siku hiyo Chunok aliamka mapema na kuchukua beseni lake.

“Unakwenda wapi, mama?”

“Hamamu. Nimvulie daktari nguo na uchafu wa wiki nzima? Nina haya mimi.”

Basi wakaenda. Chunok alijilowesha kwenye bwawa la maji moto. Dasom akamsugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Kisha Chunok akajilaza kwenye chumba cha joto chenye kuta za udongo, akatoka jasho, akanywa chai ya tangawizi, akajipaka mafuta kifua kizima. Kutoka hapo akaingia kwa Daktari Pyo, aking'aa.

Alisimama mbele ya kamera. Kwenye kioo cha kompyuta, kifua chake chote kilitokea chekundu, huku na huku kuna weupe kama wa kaa la moto.

Chunok alifurahi sana.

“Unaona, Mama Garam! Miaka yote naambiwa mwili wangu ni wa baridi. Leo niko moto kweli kweli!”

Daktari Pyo aliitazama picha. Akamtazama Chunok. Akainusa hewa.

“Mama, umetoka wapi asubuhi hii?”

“Hamamu.”

Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

“Hapa nimepiga picha ya hamamu, mama, si yako. Kamera hii inasoma joto la ngozi. Ukioga maji moto, ukinywa chai, ukijipaka mafuta, au hata ukipanda ngazi mbio, joto la ngozi linabadilika. Picha haifai tena.”

“Sasa nije mchafu?”

“Njoo ulivyo. Hamamu uiache siku hiyo. Usipake kitu. Ukifika, utakaa kwanza kwenye chumba chenye ubaridi bila nguo ya juu, mpaka mwili utulie. Ndipo tutapiga.”

Wiki iliyofuata Chunok alirudi. Alikaa kwenye kile chumba akinung'unika kwamba kuku wa sokoni wanatunzwa vizuri kuliko yeye. Safari hii picha ilitulia. Titi la kulia na la kushoto yalikaribia kufanana kabisa, yote mawili rangi ya kijani na buluu.

“Hakuna tofauti ya kutia shaka,” alisema Daktari Pyo.

Chunok alipiga makofi. “Basi kwisha habari! Sina kitu. Eksirei ya nini tena?”

“Sijasema huna kitu, mama. Nimesema kamera haikuona kitu.”

“Si ndiyo hayohayo?”

“Siyo.” Daktari alivuta kiti, akakaa karibu naye. “Nyumbani kwako sakafu inapashwa joto kwa mabomba ya maji moto?”

“Ndiyo. Kama ya kila mtu.”

“Ukitembea peku, nyayo zinakuambia hapa pana joto, pale pana baridi. Lakini je, zinaweza kukuambia kwamba bomba chini ya zege limepata ufa mdogo?”

Chunok alikumbuka. Mwaka juzi bomba lao lilipata ufa. Sakafu iliendelea na joto lake kama kawaida. Walijua tu jirani wa chini alipopanda kuja kugombana, kwa sababu dari yake ilikuwa inadondosha maji.

“Kamera yangu ni kama nyayo,” Daktari Pyo aliendelea. “Inajua habari za juu. Uvimbe ukiwa mdogo, au ukiwa ndani sana, ngozi inaweza isiseme neno. Na ngozi inaweza kuwa na joto bila sababu ya kutisha, kama ulivyokuja wiki iliyopita. Eksirei ndiyo inayotazama ndani. Picha ya joto inaweza kuisindikiza. Haiwezi kukaa mahali pake.”

“Sasa mbona umeinunua?” Chunok aliuliza, kidogo kwa hasira.

“Inanisaidia kwenye magoti na migongo. Kwa matiti ni msaada wa pembeni tu. Nikiona upande mmoja una joto kuliko mwingine, namwambia mtu aende hospitali upesi. Nisipoona, namwambia aende hospitali kwa zamu yake vilevile. Na ukihisi uvimbe, au chuchu ikiingia ndani au kutoa majimaji, usije kwangu kabisa. Nenda hospitali moja kwa moja.”

“Kwa hiyo vyovyote vile ni hospitali.”

“Vyovyote vile, mama.”

Chunok alivaa nguo zake. Nyumbani alitangaza kwamba hata hivyo haendi. Picha yake ilikuwa nzuri, na yeye si mtu wa kutafuta balaa.

Dasom, aliyekuwa akimenya naye vitunguu saumu, aliweka kisu chini.

“Sawa. Basi na mimi siendi.”

“Wewe! Wewe lazima uende!”

“Kwa nini? Nitapiga picha ya joto kama wewe. Haibani, haigusi. Nitakwenda zangu kula.”

“Usinichezee, Mama Garam. Una mtoto mdogo. Ukipata jambo, nani atamlea?”

“Na wewe ukipata jambo, mimi nitabaki na nani?”

Chunok aliacha kumenya. Dasom alikuwa amempoteza mama yake kabla hajaolewa. Hakupenda kulizungumzia hilo, na Chunok hakuwahi kumuuliza sana. Sasa machozi yalikuwa yanamtiririka Dasom, naye hakuyafuta.

“Nimeshakuwa na mama mmoja aliyekuwa haendi kupimwa,” alisema Dasom. “Sitaki wa pili.”

Moyo wa Chunok uliyeyuka papo hapo. Alimkumbatia, mikono yake ikinuka vitunguu saumu.

“Basi, basi. Nyamaza. Tutakwenda. Mimi nitaingia kwanza, uone kwamba mtu anatoka mzima.”

Hospitalini aliingia kwanza kweli. Muuguzi alikuwa mpole, akamweleza kila hatua kabla ya kuifanya. Mashine ilibana. Iliuma, tusidanganyane. Lakini ilikwisha kabla Chunok hajapata tusi la kuifaa.

“Hii tu?” aliuliza. “Nimeikimbia miaka yote hiyo kwa hii tu?”

Eksirei ya Dasom haikuonyesha kitu. Ya Chunok ilionyesha vidoa vidogo vyeupe, ndani kabisa ya titi la kushoto. Wakampima kwa ultrasaundi, kisha wakachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano. Majibu yakaja: saratani, lakini bado ndogo, ndiyo kwanza inaanza. Mkono usingeweza kuihisi. Kamera ya joto ilikuwa imeipita.

Chunok alilia siku nzima, na Wontae akalia naye. Kesho yake alinawa uso, akaenda kazini kwenye shamba la mapeasi. Wanawake wa shambani walikuwa wakipanga mapeasi kwenye makasha. Akawasimulia yote, tangu hamamu mpaka sindano. Kisa cha hamamu kiliwachekesha wakashika mbavu. Kisa cha sindano kikawafanya waache kupanga.

“Picha ya joto si mbaya,” aliwaambia. “Lakini mtu asikudanganye kwamba inatosha. Mimi yangu ilikuwa nzuri, ya kijani na buluu. Saratani ilikuwa humohumo.”

Mwanamke mmoja aliyekuwa na udhuru kama wake aliuliza hospitali inafunguliwa saa ngapi. Kabla jua halijazama walikuwa wamepanga siku ya kwenda kwa pamoja.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Madaktari waliondoa uvimbe na sehemu ndogo iliyouzunguka, titi likabaki.

Siku chache baadaye Dasom aliingia wodini amebeba hotipoti. Alipofungua, harufu ilijaa chumba. Ilikuwa supu ya mwani.

Chunok alishangaa. “Mbona supu hii? Hii hupewa mwanamke aliyejifungua, au mtu siku yake ya kuzaliwa. Mimi sijajifungua, na siku yangu ya kuzaliwa bado mbali.”

“Nimetoka kuzungumza na daktari,” alisema Dasom. “Uvimbe umetoka wote. Haujasambaa. Utafanyiwa tiba ya mionzi, halafu tutaendelea kupima kila tukiambiwa. Kwangu mimi, mama, umezaliwa leo.”

Chunok aliitazama supu. Kisha akachukua kijiko, akakitia mkononi mwa Dasom, akavikunja vidole vya mkwewe juu yake.

“Basi anza wewe,” alisema. “Kama nimezaliwa leo, aliyenizaa ni wewe. Na mzazi ndiye hula kwanza.”