Sumu Bondeni

Baba Pacha alikuwa na ng'ombe sita. Kila asubuhi mkewe aliwakamua, naye alipeleka maziwa sokoni kwa baiskeli. Maziwa hayo ndiyo yaliyowasomesha pacha wao.

Siku moja walikuta fisi wameua mtamba wao. Nusu ya mzoga ilibaki bondeni, chini ya zizi.

"Nilikuambia tuzibe lile pengo la zizi," mkewe alisema.

"Mama Pacha, tuache lawama. Watarudi kumalizia. Watanikoma!"

Alichukua dawa ya kuua wadudu wa shambani, akaimwaga juu ya mzoga.

"Na wengine watakaokula je?" mkewe aliuliza.

"Wengine gani?"

Mchana tumbusi walishuka, wale ndege wakubwa wala mizoga. Kufikia jioni walikuwa wametapakaa bondeni, mabawa wazi. Mmoja alijaribu kusimama, akaanguka. Baba Pacha alihesabu thelathini na saba, akashindwa kuendelea. Mbwa wao mlinzi alilala katikati yao, amekufa. Fisi hakuonekana hata mmoja.

Mama Pacha alimpigia simu afisa wanyamapori. Afisa alifika kesho yake, mama wa makamo mwenye buti zilizojaa vumbi.

"Msiguse kitu kwa mikono mitupu," alisema. Akavaa glavu, wakachoma mizoga yote. Kisha akakaa na Baba Pacha.

"Baba, unajua ndege hawa walikuwa wanakufanyia kazi gani?"

"Kula mizoga tu."

"Ndiyo kazi yenyewe. Wanaumaliza mzoga kabla haujaoza. Vijidudu vingi vya magonjwa hufia matumboni mwao. Wasipokuwepo, mbwa koko huongezeka na maradhi huenea."

"Si watazaliana?"

"Jike hutaga yai moja tu kwa mwaka. Kinda hukomaa baada ya miaka mitano au zaidi. Mimi na wewe tutazeeka kabla hawajarudi wengi kama hawa."

Baba Pacha aliinama. "Laiti ningeuliza kwanza."

"Kutega sumu ni kosa kisheria. Lazima niandike taarifa."

"Andika, dada. Ni mimi niliyefanya."

Afisa aliwaonyesha namna ya kujenga zizi imara: nguzo nene, wavu wa chuma uliofukiwa chini, na mlango usioacha nafasi. Walilijenga, na kila siku waliingiza mifugo kabla jua halijazama. Mwaka na nusu ulipita, na fisi hawakuchukua hata ndama.

Ndipo jirani yao alipokuja mbio, kashika chupa ya kutilia dawa. "Fisi wameniulia ndama! Wewe ulitumia dawa gani?"

Baba Pacha alimpeleka bondeni, akamweleza yote bila kuficha. 

"Kwa hiyo nifanyeje?" jirani aliuliza.

"Kwanza tumpigie afisa simu. Halafu nitakusaidia kujenga."

Siku nzima walifunga wavu. Kila walipopumzika, Baba Pacha alitazama juu. Anga lilikuwa tupu.